Edwin Armstrong: Aliyezipa redio masikio ya usiku, kisha akabuni FM

WALIOKULIA enzi za redio ya masafa ya kati wanalijua jambo ambalo vijana wengi wa leo hawajapata kulishuhudia. Mchana, kisanduku kilichowekwa juu ya kabati kilinasa kituo kimoja au viwili vya karibu. Jua likishatua, mshale ukisogezwa kidogo tu, sauti za mbali zilijitokeza moja baada ya nyingine: msomaji wa habari wa Redio Tanzania Dar es Salaam, muziki wa mji usiojulikana, Kiarabu kutoka ng'ambo ya bahari. Zilikuja, zikafifia, zikarejea tena, mithili ya mashua inayopanda na kushuka mawimbini.

Haukuwa uchawi. Mchana, miale ya jua hujenga tabaka la hewa yenye chaji za umeme, kilomita 60 hadi 90 juu ya ardhi, na tabaka hilo huyameza mawimbi ya masafa ya kati. Usiku tabaka hilo hutoweka. Mawimbi hupaa hadi matabaka ya juu zaidi, yakarudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia, na pengine maelfu. Hiyo ni kazi ya mbingu. Lakini wimbi linalotoka mbali hivyo hufika likiwa dhaifu mno, na kulitenga na mengine, kulikuza na kuligeuza kuwa sauti ya kujaza sebule ni kazi ya mashine. Aliyeibuni mashine hiyo, kwa namna iliyoenea duniani kote, ni Mmarekani Edwin Howard Armstrong. Na kwa kinaya cha historia, ni Armstrong huyo huyo aliyebuni FM, mfumo uliokuja kuzinyamazisha nyingi za sauti hizo za usiku.

Alizaliwa Desemba 18, 1890, jijini New York. Babake alifanya kazi katika tawi la Marekani la shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Oxford, na mamake alikuwa amewahi kuwa mwalimu. Akiwa bado mtoto mdogo alipatwa na maradhi ya neva yaliyomwachia mtukutiko wa shingo na bega ambao haukumtoka hadi kifo. Kwa miaka miwili hakwenda shule. Si ajabu kwamba alikua mtu wa kimya, mwenye kuvipenda vyombo kuliko mikusanyiko.

Mwaka 1902 familia ilihamia Yonkers, kaskazini mwa jiji, kando ya mto Hudson. Huko kijana huyo alisoma habari za Guglielmo Marconi na simu yake isiyotumia nyaya, na chumba chake cha darini kikajaa koili na betri. Mwaka 1910 alisimamisha uani mlingoti wa futi 125, takriban mita 38, akivutwa juu kwa kiti cha kamba ili aufunge mwenyewe. Kwenda juu kulimfurahisha maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwona akiogopa kuanguka.

Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Columbia, alikojiunga mwaka 1909, akisafiri kutoka nyumbani kwa pikipiki nyekundu. Tatizo kubwa la redio ya siku hizo lilikuwa unyonge wa mawimbi. Msikilizaji alivaa visikizi na kukaza sikio apate kutambua mdundo wa mkato wa simu, sembuse sauti ya mtu. Tangu mwaka 1906 mvumbuzi Lee de Forest alikuwa ameunda valvu, taa ndogo ya kioo iliyoweza kuukuza umeme kidogo, lakini hata yeye hakuelewa sawasawa jinsi ilivyofanya kazi. Armstrong aliipima kwa subira hadi akaielewa. Mwaka 1912 akajaribu kuchukua sehemu ya umeme uliotoka ndani ya valvu na kuurudisha pale ulipoingilia, ukuzwe tena na tena. Ghafla mawimbi yaliyokuwa yakinong'ona yakasikika chumba kizima.

Babake alikataa kumpa pesa za kuomba hataza, ile hati inayomlinda mvumbuzi, akimtaka amalize masomo kwanza. Kijana aliambulia kuuthibitisha mchoro wake mbele ya ofisa wa viapo, Januari 31, 1913. Maombi rasmi yaliwasilishwa Oktoba mwaka huo, na hataza ikatolewa Oktoba 1914. Kuchelewa huko kulimgharimu baadaye kuliko alivyoweza kukisia.

Usiku wa kuamkia Januari 31, 1914, katika kibanda chenye baridi kali kwenye kituo cha Marconi huko Belmar, New Jersey, Armstrong alikionyesha chombo chake kwa mfanyakazi kijana wa kampuni hiyo, David Sarnoff, mhamiaji aliyezaliwa karibu na Minsk. Wawili hao walikesha wakinasa ishara za simu kutoka Clifden nchini Ireland, kutoka pwani ya magharibi ya Marekani, na hata kutoka Honolulu katikati ya bahari ya Pasifiki. Hapakuwa na mtu duniani aliyekuwa na masikio ya kufikia mbali hivyo kwa chombo kidogo namna ile. Urafiki wao ulizaliwa usiku huo, na mtu asingeuelewa uchungu wa miaka ya mwisho ya Armstrong bila kuukumbuka usiku huo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimpeleka Paris akiwa ofisa wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani. Huko, mwaka 1918, alibuni mfumo uitwao supaheterodaini. Jina ni refu lakini wazo lenyewe ni jepesi. Redio za awali zilijaribu kulikuza kila wimbi kwa kasi yake lenyewe, na kila kituo kilidai vifundo kadhaa virekebishwe upya. Armstrong aliweka ndani ya redio wimbi la pili, linalozalishwa na chombo chenyewe, akalichanganya na lile lililotoka hewani. Mchanganyiko huo huzaa wimbi la tatu, la kasi ya chini isiyobadilika hata stesheni ikibadilishwa. Ni kama nyumba yenye mkalimani mlangoni: mgeni aje na lugha yoyote, ndani hufika lugha moja tu, ile ambayo wenyeji wameizoea. Mfaransa Lucien Lévy alikuwa na wazo linalokaribiana na hilo, na baadhi ya haki za hataza zilimwendea yeye, lakini aliyeligeuza kuwa chombo kamili ni Armstrong.

Kuanzia hapo redio ikawa na kifundo kimoja cha stesheni ambacho hata mtoto aliweza kukizungusha. Redio kubwa za valvu za miaka ya 1930 zilitumia mfumo huo, na redio ndogo za transista, zilizobebwa begani na wachungaji na wachuuzi wa Afrika Mashariki baada ya uhuru, zilitumia mfumo huo huo.

Utajiri ulimjia kwa kishindo. Mwaka 1920 kampuni ya Westinghouse ilinunua hataza zake mbili kwa dola 335,000, na mnamo Novemba mwaka huo huo kituo chake cha KDKA huko Pittsburgh kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa urais, tukio linalohesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa utangazaji wa kibiashara. Mwaka 1922 kampuni ya RCA, alikokuwa akipanda ngazi rafiki yake Sarnoff, ilimlipa dola 200,000 na hisa 60,000 kwa uvumbuzi mwingine. Akawa mtu binafsi mwenye hisa nyingi zaidi za RCA.

Mwezi Mei 1923 alipanda hadi kilele cha mnara wa RCA uliosimama juu ya jengo la Aeolian Hall, zaidi ya mita 100 juu ya barabara, akapigwa picha akiwa amesimama huko kama aliye sakafuni. Sarnoff alikasirika, akampiga marufuku jengoni. Msichana aliyekusudiwa kuvutiwa na ushujaa huo alikuwa Marion MacInnis, karani wa Sarnoff mwenyewe. Walifunga ndoa Desemba 1, 1923, na zawadi ya bwana harusi ilikuwa redio ya supaheterodaini ya kubebeka, ya kwanza ya aina yake, ambayo waliichukua hadi ufuoni huko Florida kwenye fungate.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhahabu kwa redio ya AM, mfumo unaoibeba sauti kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya wimbi. Serikali ya Marekani ilivitengea vituo vichache masafa ambayo usiku hayakuingiliwa na mwingine yeyote. Mkulima wa kijijini aliyekuwa mbali na mji wowote aliweza kusikia Nashville, Chicago au Cincinnati akiwa jikoni kwake. Kituo cha WLW cha Cincinnati kilitangaza kwa nguvu ya kilowati 500 kuanzia 1934 hadi 1939, mara kumi ya kiwango kinachoruhusiwa sasa. Kenya nayo ilikuwa imepata utangazaji wake wa kwanza mjini Nairobi mwaka 1928, ukiwalenga walowezi.

Kwa Armstrong, hata hivyo, miaka hiyo ilitiwa doa na mahakama. De Forest alidai kwamba ndiye aliyetangulia kubuni ule urudishaji wa umeme wa mwaka 1912. Kesi ilivutana miaka ishirini, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa De Forest ushindi mwaka 1928 na tena mwaka 1934. Wahandisi wengi waliona kwamba majaji hawakuielewa sayansi waliyokuwa wakiiamua. Armstrong alikwenda kwenye mkutano wa chama cha wahandisi wa redio akiwa na nia ya kurudisha nishani kilichomtunuku mwaka 1917. Chama kilikataa kuipokea, na ukumbi mzima ukamshangilia. Sheria ilikuwa upande mmoja na wenye kuijua kazi upande mwingine.

Lakini tayari akili yake ilikuwa kwingine. AM ina ugonjwa usiotibika: radi, mota na cheche za umeme nazo hubadilisha nguvu ya wimbi, kwa hiyo redio haiwezi kuzitofautisha na sauti ya mtangazaji. Kila anayejaribu kusikiliza kituo cha mbali usiku wa mvua anajua mikwaruzo hiyo. Sarnoff mwenyewe aliwahi kumweleza rafiki yake kwamba anatamani kifaa cha kuimaliza. Armstrong alihitimisha kwamba hakuna kifaa kitakachoiondoa. Wimbi lenyewe ndilo libadilishwe. Badala ya nguvu, alibadilisha kasi ya mitetemo, na kwa upana mkubwa, kinyume na hesabu za wataalamu waliokuwa wamethibitisha mwaka 1922 kwamba mbinu hiyo haina faida. Hataza za FM alizipata Desemba 26, 1933.

Alimwita Sarnoff aje kuona. Kuanzia 1934 RCA ilimruhusu kufanya majaribio juu ya jengo la Empire State, na sauti ilifika kisiwani Long Island, zaidi ya kilomita 100, ikiwa safi hata radi ilipokuwa ikipiga. Mwaka 1935 akaambiwa aondoe mitambo yake ili kupisha majaribio ya televisheni. Sarnoff alikuwa ametaka tiba ya redio aliyokuwa nayo, na Armstrong alimletea redio nyingine kabisa ambayo ingeifanya mitambo yote ya RCA kuwa ya kale. Kwa mfanyabiashara, tofauti hiyo ni kubwa.

Novemba 5, 1935, mbele ya wahandisi wenzake jijini New York, Armstrong aliwasikilizisha matangazo ya FM kutoka Yonkers: maji yakimiminwa kwenye bilauri, karatasi ikichanwa. Hakuna aliyewahi kusikia ukimya wa namna ile kati ya sauti moja na nyingine. Kisha kwa zaidi ya dola 300,000 za mfukoni mwake akajenga mnara wa futi 425 huko Alpine, New Jersey, kwenye majabali yanayoutazama mto Hudson. Mwaka 1939 kituo chake kilikuwa hewani kwa nguvu kamili. Mwaka uliofuata RCA ilimtaka akubali dola milioni moja, alipwe mara moja yaishe. Alikataa, kwa kuwa kampuni nyingine zilikuwa zikimlipa mrabaha kwa kila redio na hakuona haki ya kumpendelea mkubwa. Wako waliomwona mkaidi, na hawakukosea kabisa. Vita vya pili vilipozuka aliliruhusu jeshi la nchi yake kutumia FM bila malipo.

Pigo zito zaidi lilitoka serikalini. Juni 27, 1945, Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliihamisha FM kutoka masafa ya megahazi 42 hadi 50 na kuipeleka juu, kuanzia megahazi 88, ilipo hadi leo. Redio karibu nusu milioni zilizokuwa zimenunuliwa zikawa masanduku matupu, na vituo vilivyokuwa hewani vikalazimika kununua mitambo upya. Sababu iliyotolewa inastahili kuangaliwa kwa makini. Mtaalamu wa tume alihofia kwamba jua likichafuka, mawimbi ya FM yaliyo chini yangedundwa na anga na kusikika mbali, yakivuruga vituo vya miji mingine. Kile ambacho mkulima wa kijijini alikiona kuwa baraka ya usiku, tume ilikiona kuwa kasoro. Armstrong alipinga kwamba hofu hiyo imetiwa chumvi, na miaka iliyofuata ilimpa haki kwa sehemu kubwa, lakini uamuzi ulikuwa umekwisha kupita.

Kule juu FM iliganda kuwa redio ya karibu. Mawimbi yake huitoboa anga badala ya kurudishwa. Januari 10, 1946, wahandisi wa jeshi walitumia rada iliyotokana na kazi ya Armstrong kuurushia mwezi mawimbi ya masafa ya juu namna hiyo, na sekunde mbili na nusu baadaye wakausikia mwangwi wake. Mahali palipofanyiwa kazi hiyo palikuwa kambi iliyojengwa kwenye kituo kile kile cha zamani cha Marconi, Belmar, alipokesha na Sarnoff miaka 32 kabla.

RCA, wakati huo, ilikuwa ikiuza televisheni zenye sauti ya FM bila kumlipa senti. Mwaka 1948 aliishtaki. Mawakili wa kampuni walimhoji kwa takriban mwaka mzima, swali juu ya swali, huku hataza zake zikikaribia kuisha muda mwaka 1950. Sarnoff alikula kiapo na kudai kwamba RCA ilikuwa imeichangia FM kuliko mtu yeyote, akiwemo mtu aliyekaa mbele yake. Armstrong hakumsamehe kwa hilo.

Kufikia 1953 pesa zilikuwa zimekwisha. Mwezi Novemba alimwomba Marion fedha alizokuwa amemwekea kwa uzee wao, aendelee na kesi. Marion alipokataa, alimpiga mkononi kwa chuma cha kuchochea moto, na mkewe akaondoka kwenda kwa dadake. Usiku wa Januari 31, 1954, siku ile ile ya mchoro uliothibitishwa na ya mapambazuko ya Belmar, Edwin Armstrong aliandika barua ya kumwomba mkewe msamaha, akavaa koti na kofia, akajitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Marion hakuyaacha mashtaka. Mwaka huo huo RCA ililipa zaidi kidogo ya dola milioni moja, karibu kiasi kile kile kilichokataliwa mwaka 1940. Moja baada ya nyingine kampuni nyingine zilikubali, na ya mwisho, Motorola, ilishindwa kabisa mwaka 1967. Marion aliishi hadi 1979, akayaona aliyoyaota mumewe: mwishoni mwa miaka ya 1970 wasikilizaji wa FM nchini Marekani waliwapita wale wa AM. Mwaka 1980 tume iliyapunguzia masafa yale teule ya usiku ulinzi wake hadi umbali wa maili 750, na vituo vipya vikaingia humo.

Kenya ilipitia njia hiyo hiyo baadaye. Kituo cha kwanza cha kibinafsi, Capital FM, kilianza mwaka 1996, na Kameme ikafuata mwaka 2000 kwa lugha ya Gikuyu. Lugha ambazo hazikuwa zimewahi kupewa zaidi ya saa chache katika redio ya taifa zikapata vituo vyake, nayo si faida ndogo. Lakini msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa hulazimika kutafuta masafa mapya njiani, na usiku haumletei mgeni yeyote.

Barani Ulaya, mitambo ya masafa ya kati ya mashirika ya umma ya Ujerumani na Ufaransa ilizimwa kufikia mwisho wa 2015. Ireland, ambako ishara za Clifden zilitoka usiku ule wa 1914, shirika la utangazaji la taifa lilizima masafa ya kati mwaka 2008 na masafa marefu mwaka 2023. Baadhi ya watengenezaji wa magari ya umeme wameiondoa AM kwa sababu mota huijaza mikwaruzo, ugonjwa ule ule ambao Armstrong alisema hauna tiba.

Mnara wa Alpine ungali umesimama. Septemba 11, 2001, milingoti iliyokuwa juu ya majengo pacha ya New York ilipoanguka, vituo kadhaa vya televisheni vya jiji hilo vilikimbilia huko na kurusha matangazo kutoka kwenye vyuma alivyovilipia Armstrong.